Chungu Kilichofuata Zamu

Chungu cha umeme kililetwa na wifi yangu kutoka Maskati, kimefungwa ndani ya blanketi la maua ili kisivunjike, na alipokifungua ukumbini kwangu, Tibirinzi, alinitazama kama mtu aliyekuja kunifundisha kuoga. Kwa nje kilikuwa bati jekundu, ndani chungu cha kaure kizito cha kutoa na kurudisha, juu kifuniko cha kioo. Mbele palikuwa na swichi ya kuzungusha: moto mdogo, moto mkubwa, na moto wa kuweka chakula kisipoe.

"Watia kila kitu asubuhi," alisema, "wafunika, wenda zako kazini. Jioni wapakua tu. Maskati sisi hatunuki moshi tena."

Kanga niliyovaa ilinuka moshi, na alihakikisha nimeona kwamba ameinusa. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Maskati miaka mingi, na kila akirudi Pemba huja na masanduku na mashauri. Masanduku aliwagawia watu wote, mashauri yote alinipa mimi.

Nilikuwa nasomesha skuli ya msingi, mkondo wa mchana. Nikitoka nyumbani adhuhuri, narudi alasiri imekwisha kupoa, miguu imejaa vumbi na koo limekauka kwa kupiga kelele. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika idara moja ya serikali pale Chake. Wenzetu mtaani chakula chao kikubwa kilikuwa cha mchana, lakini nyumbani kwetu mchana watoto walikula muhogo wa kuchemsha au kiporo, na sufuria kubwa ilipakuliwa baada ya magharibi tukiwa sote. Umeme nao ulikuwa umeacha ule ukorofi wake wa zamani wa kuzimika kila siku. Kwa hiyo chungu kilinifaa, na liliniudhi hilo, kwa sababu nilitaka sana kisinifae.

Siku ya kwanza nilifuata maneno ya wifi kama yalivyo. Nikatia ndizi mbichi, nyama, vitunguu, na tui lote, jepesi na zito pamoja, nikafunika nikaenda zangu. Niliporudi tui lilikuwa limekatika, mafuta yanaelea juu na chini maji ya kijivu kama ya kufulia. Watoto walikula kwa adabu. Mtu aliyezaliwa Pemba akasahau kwamba tui zito hutiwa mwisho, tena likikorogwa mpaka lishike, huyo si wa kunifundisha mimi jiko. Toka siku hiyo nikakiendesha chungu kwa akili yangu. Asubuhi natia kunde, au maharage, au pweza aliyepigwa vizuri, na tui jepesi na bizari na kitunguu thomu, nafungulia moto mdogo, na tui zito nalitia nikirudi skuli, kabla sijavua hata buibui. Pweza alilainika hadi bibi asiye na jino angemmaliza. Boko boko la ngano na nyama, ambalo zamani lilinivunja mabega kwa kulipiga mwiko, lilijisaga lenyewe nami niko darasani nawafokea watoto wa watu.

Tungeishia hapo, ningekuwa leo naandika kukisifu. Lakini mume wangu alikuwa na mke mwingine.

Alimuoa huko Wambaa, kijiji cha pwani, mjane wa mvuvi, na mimi nilipata habari kwa muuza samaki kabla hajaniambia yeye. Hilo ni la kwao na nimeshalilia. Ninachotaka kueleza ni zamu. Mume wangu alizigawa siku mbili mbili, kwangu na kule, na alijivunia uadilifu wake kuliko alivyojivunia watoto wake. Akininunulia doti ya kanga, na yule kanunuliwa, ua lile lile, rangi ile ile. Akileta kilo ya sukari hapa, kilo imekwenda na kule. Watu msikitini walimsifu. Mimi nilikuwa na kanga kabatini nisizoweza kuzivaa, kwa kuwa kila nikijitanda namwona mwanamke mwingine.

Sasa chungu kilikuwa kimoja. Dada yake alisema hawezi kuleta cha pili, kina uzito na watu wa ndege wana ukorofi. Mume wangu akafikiri jioni nzima, kisha akaja na hukumu yake: chungu kitafuata zamu. Siku zake kwangu kitakuwa kwangu, siku zake Wambaa kitakuwa Wambaa. Atakibeba mwenyewe kwenye pikipiki, amekifunga nyuma kwa mipira. Nilicheka, nikidhani mzaha. Hakuwa anafanya mzaha.

Na zamu, kwa sheria, huingia na usiku, na usiku huingia na magharibi. Mume wangu hakuisubiri asubuhi; adhana ikishatoka, akishasali, ameshakuwa wa mwenzangu. Chungu chenyewe, kwa upande wake, kinahitaji mchana kutwa. Kwa hiyo siku ya mwisho ya zamu yangu nilitia nyama asubuhi, ikaiva jioni, nikaitia tui lake, na mume wangu akatoka msikitini akaanza kukunja waya.

"Wafanya nini?" nilimuuliza.

"Kyungu nakwenda nakyo. Zamu imeingia."

"Na kyakula?"

"Kyakula kimo mumo kwa mumo," alisema, bila hata kunitazama. "Yule jioni hana nguvu za kupika, kutwa yuko na samaki. Kaniomba. Ni siku moja tu katika zamu, kuna ubaya gani?"

Aliwaachia watoto vijiko viwili vitatu kila mmoja, kwenye sahani, akavikadiria kwa macho kama anavyokadiria misumari stoo. Kisha akafunga kifuniko kwa kitambaa, akakaza mipira, akaondoka. Nyama yangu, nazi niliyoikuna mwenyewe, mikono yangu mimi, vyote vikenda Wambaa kwenye kiti cha nyuma, na mimi nimesimama mlangoni na mwiko.

Ikawa ndiyo desturi. Kila zamu yangu ikiisha nampikia mke mwenzangu. Nawaomba wanawake wanaosoma haya wayatafune maneno hayo polepole, maana mimi niliyatafuna miezi. Niliwahi kukiacha chungu kitupu siku hiyo. Hakugomba. Alipiga simu Maskati, na kesho yake wifi yangu akanipigia kunikumbusha kwamba zawadi ile alimpa ndugu yake, hakunipa mimi, na kwamba nyumba ninayolala ni ya urithi wao. Alisema kwa sauti tamu, akamaliza kwa kuniombea dua. Basi nikaendelea kupika, na kila nilipokuna nazi ya siku ile nilikuna kwa hasira mpaka kifuu kinachanika.

Watoto walijifunza upesi kuliko mimi. Nilikuwa na watatu, na mdogo kabisa alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho makubwa, aliyependa chakula. Alianza kuniuliza asubuhi, kabla ya chai, "Leo zamu yaisha?" Nikimwambia ndiyo, jioni humkuti akicheza nje. Huja kukaa karibu na chungu, na nikifunua tu kutia tui anataka apakuliwe hapo hapo, cha moto, ale kabla baba yake hajamaliza kutawadha. Alikuwa akijiunguza ulimi. Nilimfokea kwa kula kama mtu anayekimbizwa, kana kwamba sijui nani anamkimbiza.

Na chungu kilivyokuwa kinarudi. Kwetu sahani ya mtu hairejeshwi mikono mitupu. Ukiletewa mchuzi, bakuli utalirudisha na ndimu tatu, na kama huna ndimu, na chumvi ndani ya karatasi. Hata jirani uliyegombana naye humrudishii chombo kichafu. Kutoka Wambaa chungu kilirudi hakijaoshwa. Kaure imeganda utando, miiba ya samaki imenasa ukingoni, sisimizi wamejipanga. Mara ya kwanza nilidhani ni haraka. Mara ya tatu nilijua natukanwa, na tusi lile nilikuwa nalisugua kwa majivu na kumbi la nazi, nimechutama uwani, magharibi kwa magharibi.

"Mwambie mkeo aoshe chombo," nilimwambia mume wangu.

"Mambo ya wanawake hayo," akasema, akaomba chai.

Kisha yule mwanangu mdogo akashikwa na homa. Ilikuwa homa mbaya, ya kuweweseka, tukampeleka kwa dakta, akapewa dawa, na siku kadhaa hakutia kitu mdomoni ila maji. Homa ilipomwachia alikuwa amebaki macho na mifupa. Asubuhi moja akaniambia anataka supu ya kuku. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi kwa neno lolote kama lile. Nilikuwa na jogoo mmoja uwani, mzee, mgomvi, nyama yake ngumu kama mkanda. Nikaomba achinjwe, nikamtia katika chungu na tangawizi na pilipili manga na ndimu, moto mdogo, maana jogoo wa aina ile hataki haraka. Nikamwambia mwanangu, "Hii yako peke yako." Nikaenda skuli.

Ilikuwa siku ya mwisho ya zamu. Nilijua. Asubuhi ile ile nilimwambia mume wangu uso kwa uso kwamba kuku yule ni wa mgonjwa na chungu leo hakiondoki. Akasema, "Haya."

Nilirudi nimechelewa, kulikuwa na kikao cha walimu. Kuku alikuwa ameiva mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Mtoto alikuwa amelala, nikaona nisimwamshe, nitamwamsha nikishasali. Nikatandika msala chumbani. Katika rakaa ya pili nikasikia pikipiki. Mwenye kusali hakatizi sala kwa ajili ya pikipiki, na mume wangu alilijua hilo vizuri.

Nilipotoka, mezani palikuwa na alama ya duara ya maji pale chungu kilipokaa. Kwenye bakuli aliacha shingo na mchuzi kidogo. Mwanangu aliamka, akatazama lile bakuli. Alikunywa mchuzi, akala mkate wa boflo mkavu wa chai, akarudi kulala. Sikuwahi kumchukia kiumbe yeyote wa Mungu kama nilivyomchukia baba yake usiku ule, na sitaki kusema kwamba baadaye chuki ilipungua, kwa sababu haikupungua.

Zamu yangu iliporudi, chungu kilirudi nayo. Kichafu kama kawaida, unyoya mmoja umeganda ukingoni. Sikukiosha. Kesho yake niliomba ruhusa skuli, nikakifunga kwenye lile lile blanketi la maua, nikapanda gari ya kwenda Wambaa nimekipakata. Mtu mmoja aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mashetani, akaacha kuuliza.

Nyumba yake niliionyeshwa. Nilimkuta uwani anapaa samaki, magamba yamemrukia mpaka kwenye ukaya aliojifunga kichwani. Nilikuwa nimemjenga kichwani mwanamke wa namna nyingine, mwenye hina na vikuku, aliyelala kitandani akingojea nyama yangu. Huyu alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, mikono imekatika kwa chumvi na miiba. Nilichukia hata hivyo kwamba si mzuri.

"Hodi."

"Karibu," alisema kabla hajainua uso. Alipouinua akanijua, ijapokuwa hatukuwahi kuonana. Akarudi kwenye samaki wake. "Kaa, ama simama, upendavyo."

Nikakiweka chungu mbele yake, nikafungua blanketi. "Nimekuletea kyungu. Ukioshe."

"Kyungu si kyangu. Kyako. Ndo maana sikioshi."

"Mtu akila kyakula cha mwenziwe huosha chombo."

"Kala nani?" Sasa alikuwa amenikazia macho. "Miye kyakula chako sijakitia mdomoni tangu siku ya mwanzo. Hula yeye. Akishashiba, kilichobaki nawapa paka."

"Na yule jogoo?"

"Yeye kala mapaja. Kilichobaki wamekula paka."

Nikakaa bila kukaribishwa tena. "Jogoo yule alikuwa wa mwanangu," nilisema. "Alikuwa mgonjwa. Siku ya kwanza ile kutaka kula."

Kisu kilisimama juu ya samaki. Hakusema pole. Alisema, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ya jambo lililomshinda siku nyingi:

"Miye kanambia wewe ndo ulazimishae. Kuwa wasema miye mtu wa pwani, mikono yangu yanuka papa, mume asije akalala na njaa kwangu. Kila zamu waniletea kyakula kama mfungwa. Ntakioshaje kyungu cha mtu anitukanaye?"

"Miye kanambia umeomba wewe. Kuwa kutwa u na samaki, jioni huna nguvu."

"Nkuombe wewe?" alisema. "Bora nile mchanga."

Nilimwamini pale pale, kwa sababu na mimi ningejibu vivyo hivyo. Mume wetu alitaka nyama hata jioni ya kuhamia Wambaa, hakutaka kumwambia huyu kwamba amechoka na samaki, wala kuniambia mimi kwamba ananipora. Akampa kila mmoja maneno ya kumchukia mwenziwe, akakaa katikati, akala.

Asije mtu akatarajia kwamba tulikumbatiana. Sikumpenda, na mpaka leo simpendi. Kuku wa mwanangu aliliwa na paka wake, na mwenyewe alikuwa analala na mume wangu, na yale mambo mawili hayafutiki kwa sababu tulidanganywa sote. Yeye naye alinitazama kwa jicho lile lile tangu nilipoingia mpaka nilipoinuka. Aliniuliza neno moja tu la ziada.

"Kapona?"

"Kapona."

Nilipoanza kukifunga chungu akaweka mkono wake wenye magamba juu ya kifuniko. "Kiache. Kesho magharibi akija, ntamwambia kyakula kiko kwako."

"Na miye ntamwambia kiko kwako," nilisema.

Ndilo jambo pekee tulilowahi kukubaliana. Nilirudi na blanketi tu.

Kesho yake jioni nilipika jogoo mwingine, niliyemnunua kwa jirani, kwenye jiko la makaa, uwani, kanga yangu ikinuka moshi, na sikwenda skuli ili nikae pembeni yake tangu maji ya kwanza. Mume wangu alitoka msikitini ameshika ile mipira ya kufungia. Akatazama meza, akatazama jikoni.

"Kyungu ki wapi?"

"Kwa mkeo. Na kyakula kiko huko huko."

Akaikazia macho sufuria iliyokuwa inachemka. "Na hicho?"

"Cha mtoto."

Alisimama, mipira inaning'inia mkononi. Nadhani alikuwa anasubiri nicheke, au nitukane, apate la kushika. Nilikuwa nimeinuka na mwiko, na nilikuwa nimeamua kwamba akinyoosha mkono kwenye sufuria ile nitaupiga, nyumba ya urithi au si ya urithi. Akakunja mipira, akaitia mfukoni, akawasha pikipiki. Alichokikuta Wambaa sikuuliza. Hakuleta tena habari ya chungu, wala dada yake hakunipigia, na nasikia kaure yake iliishia kunyweshea kuku maji.

Nilimwita mwanangu mdogo, nikampakulia paja zima na mchuzi, nikaweka sahani mbele yake mkekani. Aliitazama, akautazama mlango.

"Baba hachukui?"

"Kesha kwenda. Kula, mwanangu. Kula taratibu."

Alikula. Lakini mkono wa kushoto aliuweka juu ya ukingo wa sahani, vidole vimeukaza, na hakuutoa mpaka alipomaliza. Leo ni mtu mzima, ana nyumba yake na watoto wake, na hakuna anayemnyang'anya kitu. Nikienda kwake namtazama akila. Mkono bado upo pale pale kwenye ukingo wa sahani, na yeye mwenyewe hajui.